Moto wa Kunguru

Ahti Kemppainen hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa kiguu na njia tangu ujana, tangu enzi zake za kuendesha gari la kusukuma theluji, akiamka kabla ya kijiji kizima ili wenye kazi na wanafunzi wakute barabara imefunguka. Alipostaafu tulidhani sasa mwili utapoa. Wapi. Kustaafu kulimpa tu nafasi zaidi ya kuhangaika. Kahawa aliinywa amesimama dirishani, kofia keshaivaa, na siku hizi alikuwa akimimina nusu kikombe, akisema ana haraka. Lahja, mkewe, alishachoka kumwambia akae.

"Unakwenda wapi tena? Si umeingia sasa hivi?"

"Ngoja nikaangalie moto."

"Moto hauna miguu, Ahti. Utaukuta."

"Baridi hii, ukiuacha kidogo tu umekwisha," alijibu, na tayari alikuwa nje.

Moto wenyewe haukuwa wa nyumbani. Ulikuwa wa karakana, kibanda cha magogo kilichosimama peke yake ng'ambo ya ua, chini huko karibu na ziwa. Aliyewahi kupasha moto kibanda cha namna hiyo, katika baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, anajua kwamba hiyo si shughuli ya kuifanya huku unafanya nyingine. Ni ajira kamili. Nyumba inayolaliwa haipoi kabisa, maana ina jiko la kupikia na pumzi za watu. Karakana hulala barafu. Asubuhi Ahti akiingia, vichwa vya misumari ukutani vilikuwa vimeota weupe, gundi koponi imekuwa jiwe, na chuma ukikigusa kwa mkono mtupu kinakung'ang'ania usitoke.

Jiko lilikuwa pipa la mafuta alilolilaza ubavu, akalichomea miguu na mlango kwa mikono yake mwenyewe, miaka hiyo mikono ikiwa mikono. Pipa halikuchelewa kuwaka. Lilinguruma mpaka likawa jekundu ubavuni, na bado sakafu ikabaki vilevile, uso unaungua na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Halafu kuta zilianza kutoka jasho. Umande ulitua juu ya kila randa na kila patasi, na usipouwahi, kutu inakuwahi wewe. Basi Ahti alizunguka na kitambaa cha mafuta, akapangusa vyuma, akatia kuni, akatoka nje kutazama rangi ya moshi, akarudi akatia kuni tena. Mpaka joto lifike pale ambapo mtu anaweza kuvua glavu akashika kazi, jua lilikuwa limeshachungulia juu ya msitu na kurudi zake.

Kazi yenyewe ilikuwa mashua. Lahja alilelewa ziwani, alijua makasia kabla ya kusoma. Nyonga yake ilipoharibika hakulilia kutembea, alililia kwenda kutega nyavu zake, maana mashua ya zamani ilikuwa na kingo ndefu na mguu haukupanda tena. Ndipo Ahti akamwahidi, mbele ya binti yao Sirkka: "Nitakuundia nyingine yenye kingo fupi. Utaingia kama unavyoingia kitandani." Huku Kainuu, mbali kaskazini ya Helsinki, mashua huundwa wakati wa baridi, ili barafu ya ziwa ikipasuka iwe tayari kupakwa lami ya misonobari. Lahja alifurahi akampiga kofi la mgongo. Aliitangaza hiyo mashua kanisani, dukani, na kwa mwenye gari la maziwa.

Mashua haikuwapo. Sina sababu ya kukuficha wewe jambo ambalo Ahti alimficha kila mtu. Ulikuwapo mkuku, ule mti wa chini ambao mashua hujengwa juu yake, umelazwa juu ya vigogo katikati ya karakana tangu vuli, basi. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Ubao wa kwanza aliupasua akiukata. Wa pili, msumeno ulimtoroka ukala pasipotakiwa. Wa tatu aliuharibu kwa hasira tu, akaupiga shoka, akavikusanya vipande vyote vitatu akavitia kwenye pipa, vikawaka vizuri sana.

Hakumwambia mtu, na kwa daktari hakwenda. Alijiambia ni baridi inayoitetemesha mikono, kwamba karakana ikipata joto sawasawa itatulia. Kwa hiyo akaongeza kuni. Joto likaja, mikono ikaendelea kutetemeka, naye akaongeza tena. Baadaye hata hilo hakuliamini, lakini kuacha hakuweza, kwa sababu moshi ungekatika tu kwenye bomba, Lahja angeuliza kuna nini.

Na kuni zenyewe hazikuwa nyingi. Mikono ile ile ndiyo iliyopasua kuni vuli ile, na lundo lilikuwa fupi kuliko la miaka yote. Lahja ndiye aliyekata shauri la kuzigawa. Kuni nzuri, za ule mti wa gome jeupe unaowaka polepole na kutoa joto jingi, ziende karakana. Nyumbani zibaki za msonobari na takataka. Wakafunga vyumba viwili, wakahamishia kitanda jikoni.

"Gundi haishiki penye baridi," Lahja alisema. "Mimi nina soksi, mashua haina."

Ahti alicheka naye. Siku ile angeweza kusema. Mdomo ulifunguka kabisa, neno likafika kwenye meno, kisha akasema ngoja nikaangalie moto.

Jirani yao, Urpo, alikuwa akipita na kile kiti cha kusukuma chenye vyuma viwili vya kuteleza ambacho wazee wa huku wanakwendea dukani. Ni mtu wa maneno mengi, lakini hana baya. Siku moja alisimama mbele ya karakana, pua juu.

"Jirani, moshi kutwa nzima. Hiyo ni mashua au unaunda meli?"

"Kitu kizuri hakitaki haraka."

"Hilo neno kutoka kwako wewe ni jipya." Urpo alitega sikio. "Lakini nyundo siisikii. Isije ikawa unawapashia moto kunguru tu."

Ndivyo wanavyosema huku joto likipotelea nje bure. Urpo alitania, akasukuma kiti chake akaenda zake kununua samaki wa chumvi. Ahti alibaki mlangoni uso umemshuka. Kesho yake alichukua nyundo akaanza kugonga mkuku, ko, ko, ko, bila msumari, bila chochote, ili sauti ifike barabarani na ifike nyumbani. Mtu mzima na akili zake, mjukuu anaye, anagonga gogo ili asikike. Akichoka kugonga anatoka kuangalia moshi, akiona moshi uko sawa anarudi kugonga.

Sirkka alikuwa akiishi mjini, na baada ya kuwaombea wazazi wake kwa muda mrefu, alikuwa amewapatia nyumba ya kupanga katika jengo moja kule. Ina lifti, haina ngazi za kuvunja watu, na joto linakuja lenyewe kwa mabomba kutoka kwa mji. Chini yake kuna ufuko na gati la kufungia mashua. Walipewa mpaka Ijumaa kujibu, kabla ofisi haijafungwa. Wasipojibu anapewa mwingine, wenye kuingoja walikuwa wengi.

Lahja aliitaka ile nyumba, wala hakujifanya kwamba haitaki. Alizungumzia lifti kama msichana anavyozungumzia gauni. "Mashua tutaifunga pale pale chini," alisema. "Asubuhi nashuka na lifti, naingia mashuani, nani atanishika?" Lakini alikuwa na lake moja ambalo hakuliachia. "Siendi kama mzigo, na siendi na mtu anayeburutwa. Sema ndiyo au sema hapana, lakini uniangalie usoni ukisema."

"Acha nimalize mashua kwanza, ndipo tuongee."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake Jumatatu, na Jumanne, na siku zilizofuata. Alikuwa anajua vizuri kwamba kuhama ni kuifungua karakana, na Urpo na vijana wa kanisani wangekuja kuibeba mashua, na wangeukuta mkuku. Na alikuwa na hofu nyingine ambayo hata yeye hakuitazama vizuri. Katika jengo lile hakuna jiko la kuni. Mtu akitaka kutoka mezani, atasema anakwenda kuangalia nini?

Ijumaa redio ya Helsinki ilisema baridi ni ya kadiri. Wangekuja wao waione. Moshi wa vijumba vyote vya kijiji ulipanda wima bila kuyumba, na theluji ililia chini ya viatu. Ahti alitoka na kuingia, akaingia na kutoka, mpaka paka akachoka kumpisha mlangoni. Baada ya viazi na samaki Lahja aliweka uma chini.

"Ahti. Kaa. Leo ni Ijumaa."

"Ngoja nikaangalie moto."

"Ukitoka kwa huo mlango hujanijibu, nakufuata huko huko."

Ahti alicheka kidogo, kwa pua. Lahja hakuwa amekanyaga karakana tangu vuli. Nyonga haikumruhusu kushuka ule mteremko wenye barafu, na isitoshe Ahti alimwambia asije, ili mashua aione siku itakapokamilika. Alivaa kofia akatoka.

Alitia kuni, akapangusa patasi ambazo hazikuhitaji kupanguswa, akashika nyundo. Aligonga kwa nguvu siku hiyo. Alikuwa akimgonga Sirkka na ofisi yake, akigonga lifti, akigonga na mikono yake mwenyewe iliyomsaliti. Hakusikia kitu zaidi ya nyundo. Alipochoka, roho bado juu, alitoka kuangalia moshi kama kawaida yake.

Lahja alikuwa amekaa kwenye theluji katikati ya njia, karibu zaidi na karakana kuliko nyumba. Fimbo yake ya kutembelea ilikuwa imemponyoka ikateremka mpaka kwenye mlango. Ile njia Ahti mwenyewe ndiye aliyeifanya vile, kwa kwenda na kurudi kutwa, wiki baada ya wiki, mpaka theluji ikashindiliwa ikawa kioo. Shali ilikuwa imemtoka kichwani na nywele zimeshika barafu.

"Nimekuita," alisema. Midomo ilimwia mizito.

"Sikusikia."

"Najua. Ulikuwa unagonga."

Ahti alipiga magoti, akamshika mguu, akauliza hapa? na hapa? Hakuna kilichovunjika, mguu ulikuwa unakunjika, ila kusimama hakuweza. Alikimbia kuchukua kile kitoroli cha kuteleza juu ya theluji, cha kuburutia kuni, akamlaza juu yake na kumfunika koti lake, akashika kamba. Mlango wa karakana ulikuwa pale pale. Unaonekana, uko wazi, joto linatoka kama mvuke wa chungu. Ahti akageuza kitoroli kielekee nyumbani, kule juu ya mteremko.

Akavuta hatua mbili. Alijua anachokifanya, na alivuta ya tatu.

"Unanipeleka wapi?" Lahja aliuliza. "Joto si liko hapa?"

Alirudi nyuma, akamwingiza karakanani, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya pipa, akamvua viatu. Kisha akasimama nyuma yake, asijue aweke wapi macho. Lahja alinyoosha mikono kwenye moto. Halafu akageuza kichwa, akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Mashua iko wapi?"

Ahti alionyesha kwa kidevu.

"Huo ni mti," Lahja alisema. "Nakuuliza mashua."

"Ndiyo hiyo. Ndipo nilipofika."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli."

Pipa lilinguruma. Lahja alitazama ukutani, zile zana zote zinang'aa mafuta, na sakafu iliyofagiwa, na kuni nyeupe zilizopangwa vizuri mpaka dirishani. Alizitazama kuni muda mrefu kuliko vyote. Ahti aliona anavyozitazama akataka kutoka nje, kokote, hata bila koti.

"Nilikuwa nikigandisha magoti kule juu," Lahja alisema, "nikisikia nyundo, nikisema basi, leo ameshafika ubavuni. Nikajifunika blanketi la pili nikafurahi. Nilifurahi, Ahti, unasikia? Na wewe ulikuwa unagonga nini?"

"Ni mikono," alisema, akaitoa mbele yake, ikatetemeka pale mbele ya moto, ikaonekana yote. "Haishiki tena. Nimeharibu mbao tatu."

Lahja aliikamata yote miwili. Hakuikamata kwa huruma, aliikamata kama mtu anayekamata kuku, akaibana. Ilitetemeka ndani ya mikono yake.

"Mikono ningeielewa," alisema. "Mimi nina nyonga, wewe una mikono, tungekuwa sare. Tungewacheka hao wazima. Kwa nini umeninyima hilo? Kuni nakusamehe. Hapana, kuni pia sikusamehe, si leo. Leo nina hasira na wewe mpaka nasikia joto."

"Lahja, mimi…"

"Tia kuni. Tia zile kubwa."

Alitia kuni. Moja ilimponyoka, akaiokota, akaitia. Kisha, kwa kuwa hakujua mtu aliyekamatwa anafanya nini, alivuta ndoo, akaipindua, akaanza kukaa juu yake kando ya mkewe.

"Hapana, usikae," Lahja alisema. "Maisha yangu yote nimekuomba ukae, ukachagua leo. Ofisi inafungwa. Nenda nyumbani ukampigie Sirkka, na umwambie unalotaka. Ukitaka hapana, mwambie hapana. Mimi nimekaa hapa penye kuni zangu."

Ahti alipanda mteremko akishikilia uzio, akateleza mara kadhaa kwenye njia yake mwenyewe. Jikoni alivua kofia, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya simu. Kidole kilikosa tundu la namba, akaanza upya, kikakosa tena, akakishikilia kwa mkono wa pili. Kisha simu ikaanza kuita kule mjini, na yeye hakuwa na la kufanya ila kusimama akingoja. Kiti cha Lahja kilikuwa mbele yake, kando ya jiko. Juu yake kulikuwa na mablanketi mawili, chupa ya maji ya moto iliyokwisha kupoa, na glavu. Glavu za ndani ya nyumba. Ndani ya jiko vipande vya msonobari vilikuwa vikifuka tu. Ahti alitoa pumzi akaiona, nyeupe, ikipanda mbele ya uso wake. Majira yote yale hakuwahi kusimama humo muda wa kutosha kuiona.

"Baba?" Sirkka alishtuka. "Mbona wewe? Mama ana nini?"

"Hajambo. Alianguka, lakini hajambo. Yuko karakanani anaota moto."

"Anaiangalia mashua?"

"Hakuna mashua, Sirkka. Haijawahi kuwapo. Mikono yangu imeharibika, na nimemkalisha mama yako kwenye baridi tangu vuli, ili moshi uonekane."

Alimsikia bintiye akivuta kamasi.

"Ile nyumba," Ahti alisema, "ni kweli ina joto?"

"Ina joto, baba. Hata kwenye ngazi kuna joto."

"Waambie tunaichukua. Waambie sasa hivi, kabla hawajafunga."

"Nitawaambia. Lakini baba, na wewe? Huku hakuna jiko, hakuna karakana. Utafanya nini kutwa?"

Ahti alikitazama kile kiti.

"Nitakaa na mama yako," alisema.